Wavunaji Wasafiri wa Ngano: Nani Hulipa Siku ya Mvua?

Mtu yeyote aliyelima maharagwe katika milima ya Kivu anaijua shida hii. Maharagwe yamekauka, yameng'olewa, yametandazwa juu ya mikeka. Kisha wingu jeusi linatokea nyuma ya mlima, na mama na watoto wanakimbia kuyakusanya kabla tone la kwanza halijaanguka. Mvua ileile iliyoombwa wakati wa kupanda imekuwa adui wakati wa kuvuna. Kwetu shida hiyo ni ya saa moja na ya nyumba moja. Lakini iko nchi ambako watu wameifanya kuwa kazi ya maisha yao kufuata mavuno ya wengine, wakisafiri na mashini zao tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, na kila mvua inawakuta mbali na kwao, wakikaa na kungoja. Tunataka leo kuwaeleza ndugu wasomaji habari za watu hao, yaani wavunaji wasafiri wa ngano katika mbuga za katikati ya Marekani. Ndani ya historia yao liko swali moja ambalo kila kizazi kimelijibu kwa namna yake: siku ambayo mvua inanyesha na kazi imesimama, nani anailipa?

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Katikati ya Marekani iko mbuga kubwa iliyo tambarare, tangu Texas upande wa kusini mpaka Kanada upande wa kaskazini. Kutoka mji wa Wichita Falls katika Texas mpaka mpaka wa Kanada ni zaidi ya kilometa 1,600 kwa mstari ulionyoka, na barabara hazinyoki hivyo. Ngano ya sehemu za kusini na za kati hupandwa mwezi wa tisa na wa kumi. Huota kidogo, hulala wakati wa baridi na theluji, kisha huamka na kukomaa joto linaporudi. Na kwa kuwa joto hufika kusini kwanza, ngano haiivi mahali pote kwa siku moja. Texas huvuna mwisho wa mwezi wa tano, Oklahoma mwanzo wa mwezi wa sita, Kansas katikati ya mwezi huohuo, Nebraska mwezi wa saba. Dakota mbili na Montana huvuna mwezi wa nane na hata wa tisa. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye mashini moja anaweza kuvuna majira sita kwa mwaka mmoja, akipanda kaskazini pamoja na joto.

Hapo ndipo penye matata. Katika Oklahoma na Kansas miezi ya tano na ya sita ndiyo miezi ya mvua nyingi kuliko miezi mingine ya mwaka. Hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu ya magharibi, na dhoruba zinazaliwa: upepo, radi, mvua ya mawe. Katika Katanga mvua hukoma karibu na mwezi wa nne, na mkulima anakausha mahindi yake chini ya mbingu safi. Kule ni kinyume: ngano inaiva katikati ya mvua. Tunasoma katika Maandiko Matakatifu jinsi nabii Samweli alivyomwomba Mungu ngurumo na mvua siku za mavuno ya ngano, na watu wakaogopa sana, kwa sababu katika nchi ya Wayahudi mvua hainyeshi wakati ule. Mtu wa Kansas akiisoma habari hiyo huenda asielewe walichoogopa.

Ngano hiyo ya baridi si ya asili ya Marekani. Mwaka 1874 Wamenonite, Wakristu wenye asili ya Kijerumani waliokuwa wakikaa kusini mwa milki ya Urusi, katika nchi ambayo leo ni Ukraini, walihamia Kansas. Walileta mbegu ya ngano nyekundu na ngumu, iliyoitwa ngano ya Kituruki, yenye kuvumilia baridi na ukavu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1876, wakaja Wajerumani wengine kutoka kando ya mto Volga, na hao walikuwa Wakatoliki. Walikaa wilaya ya Ellis katika Kansas hiyohiyo. Katika kijiji chao kimoja, kiitwacho Victoria, walijenga kanisa la Mtakatifu Fidelis kati ya mwaka 1908 na 1911, lote la mawe, lenye minara miwili ionekanayo kutoka mbali sana katika mbuga. Kila mtu mwenye kukomunika aliyepita miaka 12 aliombwa kutoa dola 45 kwa mwaka na kuleta mizigo sita ya mawe kwa gari la farasi. Mwaka 2014 kanisa hilo lilipewa cheo cha basilika ndogo. Tunaitaja habari hii kwa sababu watu waliolijenga waliishi kwa ngano. Msomaji asidhani kwamba ngano ya nchi ile ni ya matajiri peke yao.

Sasa tuangalie jinsi walivyovuna. Siku zile ngano ilikatwa kwa mashini iliyovutwa na farasi, nayo ilifunga mabua kwa kamba kuwa miganda. Wanaume waliisimamisha miganda hiyo shambani, mafungu mafungu, ili ikauke; kisha ikaja mashini kubwa ya kupura iliyozungushwa na injini ya mvuke. Kazi hiyo ilitaka mikono mingi kuliko ile iliyokuwako vijijini. Basi kila mwaka makumi ya maelfu ya wanaume walitoka mijini na katika nchi nyingine za Marekani, wakayapanda magari ya moshi ya mizigo, mara nyingi bila tiketi, wakafuata mavuno kutoka Oklahoma mpaka Dakota. Walilala karibu na reli, chini ya miti ya mtoni, wakipika katika mikebe. Wezi na wacheza kamari walijua sana tarehe ya malipo yao.

Mtu wa namna hii alilipwa kwa siku aliyofanya kazi. Mvua ikinyesha, hakuna kazi. Hakuna kazi, hakuna mshahara. Mvua ya siku tano ilikula fedha za siku tano zilizotangulia. Mwaka 1915 chama cha wafanyakazi kilichoitwa Industrial Workers of the World kilianzisha katika Kansas City tawi la watu wa mashamba, nalo likadai mshahara ulio bora, saa za kazi zenye mpaka, na chakula na malazi yanayomfaa mtu. Wenye mashamba wengi waliwachukia watu wa chama hicho, na wengi wao walikamatwa na kufungwa. Lakini madai yenyewe, tukiyasoma leo, hatuoni ndani yake jambo la ajabu.

Yuko mtu wa pili aliyeilipa mvua siku hizo, na huyo vitabu havimtaji sana: mke wa mwenye shamba. Kundi la kupura lilikuwa na watu 15 au 20, pengine zaidi, nao walikula kwa mwenye shamba. Mvua iliponyesha hawakuondoka. Walikaa ghalani wakicheza karata, wakingoja miganda ikauke, na mama yule alipika asubuhi, mchana na jioni kwa ajili ya wanaume ambao siku hiyo hawakuinua hata mganda mmoja. Kuku walikwisha, unga ulikwisha, kuni zilikuwa na maji. Mwenye shamba alipoteza siku, lakini mkewe alifanya kazi siku mbili ndani ya moja.

Kisha ikaja mashini iitwayo kombaini. Jina lake lina maana ya kuunganisha, kwa sababu inakata, inapura na kupepeta kwa mara moja, huku ikitembea. Mtu mmoja wa Michigan, Hiram Moore, alikuwa ameitengeneza ya kwanza katika miaka ya 1830, na katika California ya karne ile walizivuta kombaini kubwa kwa nyumbu wengi. Lakini katika mbuga za kati zilianza kuenea wakati wa vita vya kwanza vya dunia, wanaume walipokwenda vitani, na baada yake katika miaka ya 1920, zikivutwa na trakta. Wale wanaume wa reli wakatoweka. Katika muda usiozidi miaka ishirini, kazi iliyolisha watu wengi namna ile ikawa ni habari ya wazee.

Wengi hudhani kwamba mashini ilimpunguzia mkulima hofu ya mvua. Ni kweli kwa upande mmoja, kwani siku moja ya jua sasa inafanya kazi iliyochukua juma zima. Lakini tuangalie vizuri. Ngano ya miganda ilikatwa siku kadhaa kabla haijakauka kabisa, ikamaliza kukauka ikiwa imefungwa. Kombaini haikubali hivyo. Sharti punje ikauke juu ya bua lake, mpaka unyevu wake ushuke kufika karibu asilimia 13 au 14, la sivyo ghala hazitaipokea, kwa kuwa ngano mbichi huoza na kupata moto ndani ya ghala. Basi ngano ya kombaini husimama shambani siku nyingi zaidi, imeiva, kichwa chake kizito, bila kinga yoyote mbele ya mvua na mawe. Mashini ilifupisha kazi na kurefusha hatari. Kwa maoni yetu hapa ndipo mahali pa kuielewa historia yote inayofuata.

Kombaini za kuvutwa zilikuwa nzito kusafirisha. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Massey-Harris ya Kanada, kwa akili ya fundi wake Thomas Carroll aliyezaliwa Australia, ilitoa kombaini yenye injini yake yenyewe, isiyohitaji trakta. Na iliyofuata, nambari 21, ilikuwa nyepesi kiasi cha kupandishwa juu ya kamyo. Ndipo vita vya pili vikafika. Chuma kikagawanywa kwa kipimo, vijana wakaitwa jeshini, na ngano ikatakiwa kuliko wakati wowote, kwa kuwa Ulaya ilikuwa na njaa. Mwaka 1944 mkuu mmoja wa kampuni hiyo, Joe Tucker, aliiendea serikali na shauri hili: tupeni chuma cha kombaini 500 zaidi ya kipimo chetu, nasi tutaziuza kwa watu watakaoahidi kwamba kila mashini itavuna eka 2,000, yaani kama hektari 800, ikitembea kutoka kusini mpaka kaskazini. Serikali ilikubali. Kundi hilo likaitwa Harvest Brigade, yaani brigadi ya mavuno. Kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimevuna zaidi ya eka milioni 1, na ngano ya busheli milioni 25. Busheli moja ya ngano ni karibu kilo 27. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe, atakuta tani zaidi ya 650,000.

Walikuwako wavunaji wasafiri hata kabla ya mwaka huo, lakini baada ya vita desturi ikaenea kabisa. Mtu alinunua kombaini moja au mbili na kamyo kwa mkopo wa banki. Mkewe alipika ndani ya nyumba ya magurudumu iliyovutwa nyuma, na mara nyingi aliendesha kamyo ya ngano pia. Watoto walitoka shuleni mwezi wa tano na kupanda gari. Vijana wawili watatu waliajiriwa. Wakaondoka kusini, na mahali walipofika walijiunga na wakulima waliowajua, wale waliowavunia mwaka jana na mwaka juzi. Mikataba mingi haikuandikwa. Mkulima alisema, "Mwakani mtakuja?" Mvunaji akasema, "Tutakuja." Basi ikatosha, na mara nyingi ikatosha kwa miaka thelathini, mpaka wana wao wakarithiana, huyu shamba na yule kombaini.

Malipo yao huhesabiwa kwa mafungu matatu: kiasi fulani kwa kila eka, kiasi kidogo kwa kila busheli inayozidi busheli 20 katika eka, na kiasi kingine kwa kila busheli inayopelekwa ghalani kwa kamyo. Katika mafungu hayo matatu hakuna fungu la kungoja. Hapo jibu la swali letu limebadilika. Si mtu wa reli tena, wala si mama wa jikoni peke yake. Anayeilipa siku ya mvua sasa ni mvunaji mwenye deni. Banki haiulizi kama mvua ilinyesha. Vijana wanakula, nao mara nyingi wameajiriwa kwa mwezi. Leo kombaini mpya kubwa inaweza kupita bei ya dola 500,000, nayo inafanya kazi yake ya ngano miezi michache tu. Ikisimama siku kumi katika tope la Oklahoma, siku hizo kumi hazirudi.

Ndugu wasomaji wataka kujua mvua inafanya nini hasa. Manyunyu ya asubuhi si kitu. Jua na upepo wa kusini vikija, saa nane wanaweza kuanza. Mvua kubwa ni kitu kingine. Punje iliyokauka hunywa maji na kuvimba, na ikikauka tena hairudi jinsi ilivyokuwa, inabaki nyepesi. Kila kulowa na kukauka kunaondoa uzito kidogo na kufifisha rangi yake nyekundu. Mvua ikiendelea siku nyingi, punje huanza kuchipua ndani ya suke, juu ya bua, kabla hata haijaanguka chini. Kwa nje huenda usione kitu. Lakini ndani wanga umeanza kugeuka sukari, na unga wake hutoa donge linalonata, na mkate usioinuka vizuri. Mwenye ghala anapima, anakata bei. Ikizidi anaipokea kwa chakula cha mifugo tu. Na magugu je? Mvua inayaamsha. Yanapanda kati ya mabua makavu, mabichi na yenye maji, yakaziba tumbo la mashini.

Tena iko tope. Kombaini ya siku hizi ina uzito wa tani 15 na zaidi, kabla ya kutiwa punje hata moja. Ikizama, inaondolewa kwa trakta na minyororo, na mahali ilipopita hubaki mifereji ambayo mkulima ataiona mwaka mzima. Kwa hiyo mkulima naye hasemi neno moja. Asubuhi anataka wavune upesi kabla mvua nyingine haijaja. Mchana akiuona mfereji wa gurudumu anataka wasimame.

Wanajuaje kama ngano iko tayari? Wazee walitia punje kinywani. Ikivunjika kwa sauti kati ya meno, imekauka. Ikiwa kama kipande cha mpira, ngoja. Siku hizi wanakata kidogo, wanajaza kopo, wanakimbia nalo ghalani, na kipimo kinasema: asilimia 16, rudini kesho. Wengine husema huijua kwa sikio, kwa kuwa jioni umande unaposhuka mabua huwa magumu na sauti ya ngoma ya kupuria hubadilika, inanguruma kama mtu aliyekasirika.

Basi wanangoja. Siku ya kwanza ya mvua ni sikukuu: wanalala, wanafua nguo, wananyoa nywele, wanatia grisi, wanabadili visu. Siku ya pili wanatengeneza hata kisichoharibika. Siku ya tatu wanakaa katika mkahawa wa mji mdogo, kahawa mbele yao, pamoja na wavunaji wengine walioegesha mashini kando ya barabara, na kila mmoja anaeleza mvua za zamani zilizokuwa mbaya kuliko hii. Kuanzia siku ya tano vijana wanagombana kwa mambo madogo, na mmoja anataka kurudi kwao. Mwenye kombaini hagombani na mtu. Anatembea peke yake mpaka kando ya shamba, anavunja suke, anasugua punje katika kiganja, anatazama magharibi.

Ugumu mkubwa kuliko wote huja kwa simu. Akiwa amekwama Texas, mkulima wa Kansas anampigia: ngano yangu imeiva, uko wapi? Kama akiondoka, anamwacha mkulima wa Texas na ngano iliyosimama ndani ya maji. Huyo ndiye aliyemkubali mwaka ule alipokuwa na kombaini moja mbovu. Kama akikaa, ngano ya Kansas inaweza kupigwa na mawe usiku wa leo, au mkulima atamchukua mwingine apitaye, na mwakani hatamngoja. Mvua haicheleweshi kazi moja tu. Inasukuma kazi zote zilizo mbele yake, mpaka Montana. Wenye mashini nyingi hugawa kundi, nusu ikakaa na nusu ikaenda. Mwenye mbili tu, je? Tumezoea kuiita ahadi jambo la moyo. Kwa watu hawa ahadi ni mali, nayo inaweza kuoza kama ngano. Wengi hukaa. Humaliza shamba la kwanza, hata kwa hasara, kisha huendesha kamyo usiku kucha kuelekea kaskazini.

Je, Dominika wanafanya kazi? Jua likiwaka, wengi wanavuna. Swali hilo ni la zamani kuliko kombaini. Kaisari Konstantino, katika sheria yake ya mwaka 321, aliwaamuru mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku ya Dominika, lakini wakulima aliwaruhusu kulima, kwa sababu mara nyingi siku nyingine haifai kama hiyo, na nafasi iliyoletwa na mbingu isipotee. Baadaye Kanisa lilikaza; Mtaguso wa Orleans wa mwaka 538 uliwataka watu wa mashamba nao waache kazi siku hiyo. Hata hivyo walimu wa maadili waliendelea kufundisha kwamba haja kubwa, kama kuokoa mavuno mbele ya dhoruba, inamruhusu mtu. Tukiangalia mbuga zile, siku ya mapumziko inayotoka mbinguni si Dominika daima. Pengine ni Jumatatu, Jumanne na Jumatano mfululizo, na hakuna aliyeziomba.

Iko miaka isiyosahaulika. Mwaka 1951 mvua zilinyesha Kansas majuma mengi, ngano imeiva shambani, na mwezi wa saba, kati ya tarehe 9 na 13, zikazidi mno; mto Kansas ukafurika na kuingia Topeka, Lawrence na Kansas City. Mwaka 2007 mji wa Oklahoma City ulipata mvua siku 20 mfululizo, kuanzia tarehe 13 ya mwezi wa sita, yaani katikati ya mavuno. Mwezi wa tano wa mwaka 2015 ulikuwa na mvua nyingi kuliko mwezi wowote uliopata kupimwa katika Texas na Oklahoma, na wavunaji waliofika na mashini zao waliziona zimesimama. Na mwaka 2023 ulikuwa wa kejeli: ukame mkali uliiua ngano nyingi ya Kansas ikiwa ingali changa, wakulima wakaacha mashamba, kisha mvua ilipokuja, ilikuja wakati wa kuvuna kile kidogo kilichobaki, nayo ikakichelewesha.

Vijana wa Marekani wenyewe hawaitafuti tena kazi hii kama zamani. Wengi wa wanaoendesha kombaini na kamyo leo hutoka ng'ambo, hasa Afrika ya Kusini. Wengine Ireland, Uingereza, Denmark, Australia. Huingia kwa ruhusa ya wafanyakazi wa mashamba wa muda, iitwayo H-2A, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1986. Sheria hiyo inamtaka mwajiri awape malazi bila malipo, na kuahidi kazi isiyopungua robo tatu za siku za mkataba. Kazi ikikosekana chini ya hapo, atalipa kana kwamba waliifanya. Wavunaji wenye mashini wanalalamika kwamba mzigo umeongezwa juu ya mabega yaleyale, nasi hatusemi kwamba ni mwepesi. Lakini tukumbuke yule mtu wa mwaka 1915 aliyelala kando ya reli na kuhesabu matone. Mvua yake hakuna aliyemlipia. Kijana wa leo kutoka Afrika ya Kusini, akiwa mbali na mama yake, katika gari lenye joto huku mvua ikipiga bati, anajua walau kwamba sehemu ya siku ile imehesabiwa.

Mavuno yenyewe yanapungua. Mwaka 2020 eka zilizopandwa ngano katika Marekani yote zilikuwa chache kuliko mwaka wowote tangu hesabu ilipoanza mwaka 1919. Wakulima wengi wamegeukia mahindi na soya, na wengi wamenunua kombaini zao wenyewe. Chama cha wavunaji, U.S. Custom Harvesters, kilichoanzishwa mwaka 1983, kiko mpaka leo katika Hutchinson, Kansas, nacho kinaitetea kazi hii mbele ya serikali, juu ya ruhusa za wafanyakazi na juu ya sheria za barabara. Waliobaki wana simu zinazowaonyesha wingu tangu likiwa mbali, na saa litakapofika juu yao. Wanaliangalia likija. Wakimaliza kaskazini mwezi wa tisa, wengine huendelea na mahindi na soya mpaka mwezi wa kumi na moja. Wengine huosha mashini na kurudi kusini kwa barabara ileile. Njiani hupita mashamba waliyoyavuna mwezi wa sita. Yamelimwa, yamepandwa tena, na mwenye shamba amesimama mlangoni akitazama mbingu, safari hii akitaka inyeshe.